Bruchi Zote Zilitoka kwa Mfalme

Siku Bwana Seif aliponiwekea mezani rundo la kadi nyeupe na kalamu ya wino, akaniambia, "Haji, una mwandiko mzuri, ziandikie hizi bruchi hadithi," nilipaswa kusema sitaki. Ni neno moja tu. Mimi nilimuuliza wino ni mweusi au buluu. Akasema mweusi. Nikavuta kiti nikaandika, na niliendelea kuandika mpaka nywele zikaisha kichwani.

Nimestaafu mwaka huu baada ya Idi. Nyinyi vijana mliobaki dukani mmeniomba nikuandikieni nilivyoifanya kazi hii, na nadhani mlitaka maneno ya kutia moyo. Habari za kupanda vyeo sina. Nilianza nikiwa mtu wa nyuma ya meza na nimemaliza nikiwa mtu wa nyuma ya meza, ila meza yenyewe ilibadilishwa mara mbili. Nitakuelezeni habari za bruchi, hivi vipambo vya kubana kifuani, na namna nilivyomharibia jina dada yangu Mwajuma kwa mwandiko huo mzuri.

Nilipomaliza Fomu Foo, matokeo yangu hayakutosha kwenda popote isipokuwa kichochoroni kwa Fundi Jayanti. Alikuwa sonara, Mhindu mzaliwa wa Mji Mkongwe, mwembamba, mwenye masikio makubwa na kibanda kidogo kinachowatosha watu wawili wasiogombana. Baba alinikabidhi kwake kama mtu anavyokabidhi saa iliyosimama: ikitengenezeka sawa, isipotengenezeka basi.

Siku ya kwanza Fundi alinitilia bruchi kiganjani. "Unaona nini?"

"Tausi wa fedha. Ana vijiwe vya kijani mkiani."

"Hayo anayaona hata mnunuzi. Geuza."

Nikageuza. Kwa nyuma sikuona kitu, nikamwambia hivyo. Akanitazama kwa huruma, akanipa lenzi ya kubana jichoni, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi nilikuwa bado sioni kitu na jicho linatoka machozi.

Alinifundisha kwa miezi. Sindano ikiwa ndefu kupita ukingo wa bruchi, na ndoana yake ikiwa nusu mwezi mtupu usio na kifunga, hiyo ni ya zamani. Ikiwa ndoana ina kigurudumu cha kufungia, hiyo ni ya juzi, hata mwenye nayo akiapa kwa msahafu. Ukiona ukijani kwenye bawaba, chini ya fedha mna shaba. Lihamu ya kuungia ikiwa ya rangi tofauti, mtu amekwisha kuitengeneza, na ukimjua fundi umeijua nusu ya habari. Na bruchi iliyovaliwa Unguja ina alama yake ambayo vitabu vya wakusanyaji wa nje havinayo: doa jeusi kwa nyuma, pale sindano inapopita. Hilo ni doa la kikuba. Wanawake wetu hawakuvaa bruchi ili zing'are tu. Walibania kikuba kifuani, asumini na mrehani na langilangi, na maji ya maua yakaila fedha polepole, harusi baada ya harusi. Fundi akiinusa bruchi alikuwa akisema hii imeoza wanawali kumi. Nilidhani anatania, mpaka nami nikaanza kunusa.

Vyombo vyake vilikuwa vichache: koleo tatu, tupa, fuawe ndogo kama kwato ya mbuzi, bomba la kupulizia moto, jiwe la kupimia dhahabu, kopo la ukwaju wa kusafishia. Na kitabu. Kila kilichoingia kiliandikwa: ni kitu gani, kimeletwa na nani, kina habari gani. Yeye aliandika ukurasa wa kushoto kwa Kigujarati, nami wa kulia kwa Kiswahili, na mwisho wa wiki alinisomesha wangu kwa sauti aone kama tunasema jambo moja.

Kazi ngumu ya kwanza niliyoishuhudia haikuhitaji moto wala koleo. Alikuja mtu mzima mmoja, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono, ameshika bruchi ya dhahabu iliyokatika sindano.

"Ya mke wangu," alisema. "Nnaitaka leo."

Fundi akageuza, akatia lenzi jichoni, akafungua kitabu, akarudi nyuma kurasa tatu. "Mke yupi, bwana?"

"Nna mke mmoja."

"Kitabu kinasema wawili. Bawaba hii tuliitia mwezi uliopita, ililetwa na bibi wa mtaa mwingine. Alisema amepewa na mumewe."

Yule bwana akageuka kutazama mlangoni kama kwamba mlango ndio uliosema. "Fundi, tengeneza tu. Na hicho kitabu kifunge."

"Kukifunga nnakifunga," Fundi akasema. "Kukifuta siwezi."

Nilicheka siku nzima. Sikujua kuwa nimeonyeshwa jambo kubwa kuliko yote nitakayofundishwa, na kwamba siku moja nitakuwa na haja ya kitabu kama kile na sitakuwa nacho.

Bruchi ya kwanza niliyoitengeneza kwa mkono wangu ilikuwa ya mama. Maua matatu ya asumini, ya fedha, yaliyofuliwa kwa riale, sarafu ya zamani ya babu. Bawaba ilikatika, uzi wa fedha ulikuwa umekwisha kibandani, nikatia wa shaba nyeupe, na lihamu ikanimwagikia tone moja kubwa kama punje ya pilipili manga. Fundi alilitazama lile tone akasema, "Liache hivyo hivyo. Liwe linakusuta."

Sisi ni watu wa Makunduchi, na kwetu bruchi ile haikuwa ya mama peke yake. Kila mwanamwali wa ukoo aliazimwa. Akipambwa, kikuba chake kilibanwa kwa ile. Zikisha siku saba za fungate, ilifungwa kwenye ncha ya khanga na kurudishwa. Hakuandikishwa mtu. Ncha ya khanga ndiyo ilikuwa risiti. Mama alipofariki, ikabaki kwa dada Mwajuma, mkubwa wetu, na ikawa sawa kabisa kwa sababu yeye ndiye alikuwa akitunga vikuba vya harusi zote za pale. Mikono yake ilikuwa ikinuka asumini hata akitoka kuchimba mihogo.

Kisha akaolewa binamu yetu Zuwena, binti wa shangazi Bi Mgeni. Dada akampamba, akamuazima bruchi. Siku saba zikapita, khanga ikarudi. Dada alisema ilirudi na ncha yake imelegea, haina kitu. Bi Mgeni alisema aliifunga mwenyewe kwa mkono wake na bruchi imo ndani. Mtu aliyetumwa kuipeleka alisema yeye alibeba khanga, hakubeba maneno.

Hapakwenda mtu mahakamani. Makunduchi hakuna haja ya mahakama kwa mambo kama haya. Watu waliendelea kumsalimia dada vizuri tu, ila harusi zilipofika, maua yalipelekwa kwa mtu mwingine. Mtu akiazima sufuria kwake, mwenziwe alimuuliza, "Umeihesabu mifuniko?" Dada hakupiga kelele. Alinifuata mjini, akakaa kwenye kizingiti cha kibanda, akaniambia, "Haji, we upo kwenye kazi ya bruchi. Ikitoka shamba itakuja mjini. Ikija mjini itapita kwako."

"Ikipita nitaijua," nikasema. "Nami nitajua nani kaileta."

"Basi tazama. Mie sitaki nirudishiwe bruchi. Nnataka jina la mtu."

Niliahidi. Kuahidi hakukunipa taabu; nilikuwa kijana na Fundi Jayanti alikuwa hai.

Fundi alipofariki, wanawe walifunga kibanda. Watalii walikuwa wameanza kuja kwa wingi, na Bwana Seif alikuwa amefungua duka la vitu vya kale, mlango wa kuchongwa, milango mingine ya kuchongwa ndani ya kuuza. Ni mtu mkarimu, mcheshi, hanyimi mtu kahawa. Sina nia ya kumtupia yeye jambo hili. Yeye aliuliza tu. Aliyejibu ni mimi.

Kadi ya kwanza niliiandika kweli tupu. Bruchi ya fedha, ya Bi fulani wa Kidichi, alijinunulia mwaka wa mavuno mazuri ya karafuu, anaiuza aezeke nyumba. Bwana Seif aliisoma akakunja uso.

"Paa? Nani atavaa paa kifuani?"

"Ndo habari yake, bwana."

"Yake yeye. Mnunuzi anataka ya kwake. Andika ya binti wa mfalme. Aliyempenda baharia."

"Baharia gani?"

"Yeyote. Mabaharia hawaishi."

Nikaandika. Adhuhuri haijaadhiniwa, bruchi imeuzwa, na mnunuzi amenishika mkono na machozi yakimlengalenga. Nisijifanye mnyonge: niliona raha. Skuli hakuna mwalimu aliyewahi kulilia insha yangu.

Kutoka hapo sikushikika. Nilimpa yule binti wa mfalme bruchi nyingi hivi kwamba angezivaa zote asingeinuka kitini. Nilimfanya ampende baharia, nahodha, daktari wa Kizungu, mshairi na fundi saa. Alikufa kwa huzuni mara nne. Mara moja nilimtia mdomoni mwa papa, lakini Bwana Seif aliikataa hiyo, akasema papa anatisha wateja wanaotaka kwenda kuogelea. Bruchi zilizokwaruzika nilizifukia bustanini usiku wa kutoroka. Zenye jiwe lililopotea, jiwe alipewa baharia. Vitu vibovu ndivyo vilivyopata hadithi nzuri zaidi, kama ilivyo kwa watu.

Hapakuwa na kazi tena ya kugeuza. Hadithi ya uongo haihitaji nyuma. Lenzi yangu ilikaa mtotoni mwa meza pamoja na vifungo na punje za ubani. Na kitabu cha mapokezi, maana duka lilikuwa nacho, nilikifanya jambo ambalo Fundi angenifukuza kwalo. Siku moja mteja mwerevu aliomba kuona kama kadi na kitabu vinakubaliana. Havikukubaliana. Bwana Seif akacheka, akasema kitabu kimekosewa. Kuanzia siku ile, ili visigombane, niliacha kuandika jina la aliyeleta. Kwenye safu ya "Imetoka kwa" niliandika, kwa mwandiko wa kupendeza, Jumba la Mfalme. Ukurasa kwa ukurasa. Ukikifungua leo utadhani mfalme alikuwa na kibanda cha kuuzia vyombo vikuukuu.

Mletaji wetu mkubwa alikuwa Pandu, dalali wa Mwanakwerekwe, mtu mfupi mwenye kumbukumbu nzuri na ulimi usiopumzika. Alizunguka shamba, nyumba hadi nyumba, akarudi na mfuko. Na kila kitu alichokitoa alikitaja mwenyewe, kama anayesoma hitima.

"Hii ya Bi Kijakazi wa Jambiani. Hii ya mjane wa mwalimu Bwejuu, kalia alipoitoa. Hii ya..."

"Pandu, weka tu hapo."

"Huandiki?"

"Majina ya nini? Nikishaandika zote zitakuwa za mtu mmoja."

"Haya, yakhe," alisema Pandu. "Wewe ndo uliyesoma."

Nakuombeni mliweke neno hilo mahali mtakapoliona. Siku aliyonijibu hivyo alikuwa ametoka safari ya kusini, na ndani ya mfuko mlikuwa na bruchi kiasi cha kumi, tatu kati yao za asumini. Asumini ni nakshi ya kawaida. Kila sonara wa Unguja aliifanya. Nilizipanga kwenye mahameli, nikaziandikia kadi bila kuzigusa mara ya pili.

Wiki mbili baadaye alikuja Bi Anna. Huyu alikuwa mama wa Kizungu, mkusanyaji wa bruchi, akija kila mwaka na daftari lake la jalada gumu. Wakusanyaji wengi niliowaona ni watu wa kudanganywa na wanajua; wanalipia kudanganywa vizuri. Bi Anna hakuwa hivyo. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, ila hakikuwa na utani ndani yake. Kila nilichosema alikiandika, na akirudi mwaka wa pili ananiuliza nilipoachia.

Akachagua bruchi moja ya asumini. Akasoma kadi kwa makini. "Jina la binti huyu linajulikana?"

"Limepotea, bibi."

Akaandika: limepotea. "Na baharia?"

"Huyo alizama."

Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akakubali kununua. Bwana Seif akaagiza kahawa. Kazi yangu ilikuwa kuibana bruchi juu ya pamba ndani ya kijisanduku, na huwezi kuibana bila kuigeuza.

Bawaba ya shaba nyeupe. Pembeni yake tone la lihamu, kama punje ya pilipili manga.

Sijui nilikaa nayo muda gani. Nakumbuka nililipitisha dole gumba juu ya lile tone mara mbili. Bwana Seif alikuwa akisimulia habari za milango. Ningesema, "Samahani bibi, hii ya marehemu mama yangu, haiuzwi." Maneno yenyewe si mengi. Lakini ili niyaseme ilinibidi kwanza niseme kuwa kadi ile ni uongo, na kwamba aliyeiandika ni mimi, na kwamba zile nyingine alizonunua kwa mkono wangu miaka yote, alizoziandika daftarini kwa adabu, nazo ni uongo. Nilimtazama akiwa amekaa na kalamu tayari. Niliona haya.

"Kuna tatizo, Bwana Haji?"

"Hapana. Nnatazama kama ndoana inashika."

"Inashika?"

"Inashika."

Nikafunga kijisanduku. Akanishukuru, akaenda zake na bruchi ya ukoo wetu, na binti wa mfalme ndani yake.

Nilijiambia kuwa dada hakutaka bruchi, alitaka jina, na jina lipo kwa Pandu. Nilitoka dukani bila kuaga. Nilimkuta sokoni Mwanakwerekwe amekaa juu ya gunia la viazi anakula muhogo.

"Zile bruchi za safari yako ya kusini," nikamwambia. "Za asumini. Moja ina bawaba ya shaba. Nani kakupa?"

Akatafuna, akameza. "Siku ile nlizunguka nyumba nyingi, Haji. Za asumini zilikuwa tatu. Makunduchi moja, Kizimkazi moja, moja sikumbuki."

"Ya Makunduchi ilikuwa ipi? Nani?"

"Nlikuwa nnajua wakati nnakuja kwako. Nlizipanga mfukoni kwa majina. Nkaanza kukutajia, ukanambia weka tu hapo. Nkaziweka. Nshasahau."

"Jaribu, Pandu. Mwanamke? Mtu mzima?"

"Wote wanawake, wote watu wazima. Wanaume hawauzi bruchi, wanauza mashamba." Kisha akaniona usoni, akauweka muhogo chini. "Kwani ilikuwa ya nani?"

"Ya mama."

Pandu akanisogezea nafasi juu ya gunia.

Nilikuwa na njia mbili: kunyamaza, au kwenda Makunduchi na nusu ya habari. Nilikwenda. Nilimweleza dada yote, isipokuwa nilipita haraka pale pa kijisanduku. Hakukasirika. Alifurahi. Alinishika kichwa kama mtoto.

"Basi ipo. Haikuwa kwangu, ilikuwa kwa mtu. Sasa ndo mwisho wake. Kitabu cha duka mnacho?"

"Kipo."

"Kilete. Twende nacho kwa shangazi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia kitabu kimeandikwaje. Nilimwambia kitabu hakina maelezo mengi. Akasema maelezo mengi hayana haja. Hakujua kusoma, alikuwa na imani na maandishi kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Juma lile nilikileta, tukaenda kwa Bi Mgeni. Dada alivaa buibui lake la Idi. Shangazi alikuwa mzee sana, amekaa kwenye mkeka, macho makali bado, na watu wa ukoo wamejaa ua mzima maana habari ilikwisha kutangulia. Zuwena naye alikuwapo, mke wa watu, ana wajukuu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasikia mmeiona."

Nikaeleza. Nilieleza bawaba, nikaeleza tone. Watu walisikiliza vizuri. Shangazi akanyoosha mkono. "Kitabu. Tusomee, Zuwena."

Zuwena akafungua pale nilipoweka alama. Akasoma polepole. "Bruchi ya fedha, asumini tatu. Imetoka kwa..." Akanitazama. "Jumba la Mfalme."

Shangazi akaanza kucheka, kicheko cha chini, cha mtu asiye na haraka.

"Kumbe mama yenu alikuwa binti wa mfalme. Na mie miaka yote nlikuwa nnapiga naye makumbi pwani, hakunambia."

Ua wote ukacheka. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, midomo ilinicheza. Dada hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, si shangazi.

"Nani kaandika hivi?" shangazi akauliza.

"Mimi."

"Ni kweli?"

"Si kweli. Tunaandika hivyo kwa ajili ya wateja."

"Basi unaandika uongo."

"Naam, shangazi."

"Na hili unalosema sasa hukuliandika."

"Sikuliandika."

"Haya. Bruchi imeonekana duka gani?"

"Letu. Tunapofanya kazi sisi."

"Anafanya kazi nani?"

"Mimi."

"We ndugu yake nani?"

Nikanyoosha mkono nichukue kitabu. Akarudia swali kwa upole kabisa.

"Wa Mwajuma," nikasema.

Shangazi akageukia watu. "Mmesikia wenyewe. Miaka yote tulikuwa tunasema kaificha, hatukujua kaipeleka wapi. Leo mdogo wake kaja mwenyewe kutuonyesha duka."

Hakuna aliyecheka tena. Ingekuwa afadhali wangecheka. Dada alisimama, akajifunga buibui, akatoka, nami nikamfuata na kitabu kwapani. Tulitembea mpaka mlangoni kwake. Pale akaniambia, wala hakupandisha sauti, "Ulinyamaza pa kusema, Haji. Leo umesema pa kunyamaza."

"Dada, nitamtafuta yule Mzungu."

"Atasema nini yeye? Atasema ulivyomwambia wewe."

Na kweli. Nilimwandikia Bi Anna barua ndefu, nikakiri kila kitu, baharia mmoja mmoja. Alinijibu kwa heshima. Alisema amekwisha kuutoa mkusanyiko wake wote kwa nyumba ya makumbusho ya mji wake, na bruchi ile imewekwa ndani ya kioo pamoja na kadi yangu. Yuko tayari kuwaomba wabadilishe maelezo, lakini wao watataka ushahidi. Je, kitabu cha mapokezi cha duka kinasemaje? Nilikaa na swali lile wiki mbili, kisha nikatia barua mtotoni mwa meza. Mwandiko wangu umekwenda Ulaya, unasomwa na watoto wa skuli.

Vijana, najua siku hizi hamwandiki kadi. Mnaandika kwenye simu, na picha, na binti wa mfalme bado mzima, namwona humo, safari hii anampenda mpiga picha. Sikwambieni msiuze. Nakwambieni neno moja la kazi: mtu akikutajieni jina la aliyetoa kitu, liandikeni kabla hajafunga mdomo, hata kama halina mvuto, hata kama ni la bibi anayetaka kuezeka nyumba. Hamjui nani analisubiri.

Dada aliishi miaka mitatu baada ya siku ile. Nilikwenda kumwona kila mwezi. Aliniandalia chai, alijibu salamu, hakuniuliza tena habari za kazi. Maua yaliota uani kwake yakaanguka yenyewe, kwa kuwa sasa hata wale wachache waliokuwa wakimtetea walikoma. Walikuwa wamepata ushahidi, na ushahidi niliupeleka mimi. Alipougua sana nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe, na naamini alinisamehe, alikuwa mtu wa kusamehe. Lakini nilipomwambia kuwa watu watajua ukweli siku moja, aligeuza uso ukutani akasema, "Watajua kwa nani?"

Alizikwa Makunduchi mwaka juzi. Kwenye matanga nilisikia mwanamke mmoja akimweleza mgeni, bila ubaya wowote, kama mtu anavyoeleza njia, kuwa marehemu ndiye yule aliyeuza bruchi ya maharusi kwenye duka la nduguye. Sikumkatiza, maana sikuwa na jina la kumpa. Jina lilitajwa mbele yangu mchana kweupe, nikasema la nini. Kadi zile zilinigharimu hilo: dada yangu amekwenda kaburini akiitwa mwizi, hakuwa mwizi, na mtu pekee aliyeweza kulithibitisha alikuwa mimi.